Jinsi ya kupanga safari ya pwani ya Oregon kwa kufuata filamu, ukiwa Bukavu na simu yako

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Bukavu, Goma au Uvira ambaye ndugu zake wako Marekani na wamemwambia: wewe unayejua filamu, tupangie safari ya bahari. Mimi niliombwa na yaya wangu (yaani ndugu yangu mkubwa) anayeishi Portland, jimbo la Oregon, pamoja na shemeji na watoto. Walitaka siku tatu za barabara kando ya Pasifiki, wakisimama mahali zilipopigwa filamu ambazo tulizitazama pamoja katika kibanda cha video kule Kadutu, hapa Bukavu, tukiwa wadogo. Kazi yote niliifanya kwa simu nikiwa huku, na wao wakaondoka na ratiba mkononi. Utaratibu huu unafaa pwani yoyote, lakini mifano yangu ni ya Oregon kwa sababu hiyo ndiyo niliyoichimba mpaka chini.

Hatua ya 1: Chagua filamu, kisha uzipunguze

Tano zinatosha. Kwa Oregon nilichukua The Goonies (1985), Point Break (1991), Free Willy (1993), Twilight (2008), na kwa ajili ya wakubwa garini, One Flew Over the Cuckoo's Nest (1975). Ukijaza vituo kumi na vitano, watoto hawatagusa mchanga. Watakuwa wanapanda na kushuka garini tu.

Hatua ya 2: Tafuta mahali penyewe, siyo mahali panapotajwa

Sisi Wakongomani hili tunalijua vizuri. The Siege of Jadotville (2016) inasimulia mapigano ya mwaka 1961 pale Likasi, lakini ilipigwa Afrika Kusini. Lumumba ya Raoul Peck (2000) ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Mtu wa Likasi anatazama ile ya kwanza mpaka mwisho bila kuona hata kichuguu kimoja anachokifahamu. Pwani nazo ziko hivyo hivyo. Filamu inakupa hadithi. Barabara utaitafuta mwenyewe.

Anza na majina yanayopanda mwishoni mwa filamu. Watu wengi huzima hapo, na hapo ndipo kuna dhahabu: karibu na mwisho kabisa, watengenezaji hushukuru miji, majimbo na hifadhi zilizowapa ruhusa. Andika kila jina la mahali unaloliona. Kama filamu unayo kwenye flashi, simamisha picha usome polepole.

Kisha piga picha za kioo cha simu pale bahari inapoonekana kwa upana. Usichukue sura za waigizaji. Chukua vitu visivyohama: jiwe lililo majini, umbo la rasi, mdomo wa mto, mstari wa mlima nyuma. Nyumba hupakwa rangi mpya, hoteli hubomolewa, lakini jiwe la mita sabini haliendi popote. Baada ya hapo fungua picha za setilaiti, nenda kwenye mji uliouandika, na ufuate ufuo polepole ukilinganisha.

Tuchukue mwisho wa Point Break, filamu ya Kathryn Bigelow. Hadithi inasema tuko Bells Beach, Australia: mvua, mawimbi makubwa, watu wawili wanapigana majini. Sasa acha watu hao, tazama nyuma yao. Juu ya ufuo kuna miti myeusi ya jamii ya misonobari, imesongamana mpaka ukingoni mwa mchanga. Pwani ile ya Australia haina msitu wa namna hiyo. Halafu tazama mawe yaliyosimama peke yake baharini, yenye ncha, moja nyuma ya jingine. Mawe hayo na miti hiyo ni Indian Beach, ndani ya hifadhi ya Ecola, kaskazini tu ya mji wa Cannon Beach, Oregon. Ukishaitambua, fungua Twilight pale vijana wanapokwenda ufuoni La Push, jimbo la Washington. Ni mchanga uleule wa Indian Beach. Ufuo mmoja umeigiza Australia na umeigiza Washington, na ndugu zako wataona yote mawili wakiwa wamesimama mahali pamoja. Vituo vya namna hii ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, na nakushauri uvitafute kabla ya vingine.

The Goonies inafanya kinyume chake. Pale mwanzoni magari yanakimbizana ufuoni, na nyuma yao linaonekana jiwe kubwa jeusi. Hilo ni Haystack Rock la Cannon Beach, lenye urefu wa mita 72 hivi. Lakini ufuo wa mwisho, ambapo watoto wanatoka pangoni na meli inaonekana ikiondoka, uko Goat Rock, karibu na Jenner, jimbo la California, zaidi ya kilomita 800 kusini. Ukiwaambia ndugu zako watauona wa mwisho Oregon, watauzunguka mji mzima bure. Goat Rock iwekee safari nyingine, na wakifika huko wapitie Bodega Bay iliyo karibu, ambako Alfred Hitchcock alipiga The Birds (1963).

Kuna na jua. Pwani ya Oregon inatazama magharibi, kwa hiyo jua huzama baharini na huchomoza nyuma ya milima. Ukiona jua linachomoza kutoka majini, basi hapo siyo Oregon, au walipiga jioni wakakuambia ni asubuhi.

Hatua ya 3: Pakua ramani

Tumia OsmAnd au Organic Maps. Pakua jimbo la Oregon lote usiku mega zikiwa na bei nafuu, weka nyota kwenye kila kituo, basi. Sipendi ramani zinazodai intaneti kila unapozigusa. Huku zinakumalizia mega, na kule kwenye mikunjo ya pwani mtandao wa simu hupotea kabisa. Nao wapakue programu hiyohiyo.

Hatua ya 4: Soma maji kabla ya kupanga saa

Kama utaruka hatua nyingine zote, hii usiiruke. Mtu wa ziwa haiwazi kabisa, na hapa ndipo saa zangu nyingi zilikwenda.

Ukiacha mtumbwi wako umelala ufuoni Nguba, hapa Bukavu kando ya Ziwa Kivu, asubuhi, jioni utaukuta maji yakiwa palepale. Kivu hucheza na upepo na mvua tu. Pasifiki siyo hivyo. Kwa mvuto wa mwezi na jua, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na pale Oregon tofauti kati ya kujaa na kupwa ni mita mbili hadi tatu. Kwenye ufuo usio na mteremko mkali, mita mbili za kwenda juu ni mamia ya hatua za mchanga zinazotokea na kupotea. Mahali ulipopaona kwenye filamu pakiwa uwanja mpana, ndugu zako wanaweza kufika wakakuta ni bahari tupu.

Kwa hiyo fungua tovuti ya NOAA, idara ya Marekani inayoshughulika na bahari na anga, sehemu ya majedwali ya maji. Ni bure na ni nyepesi. Jedwali hukupa siku, saa na urefu wa maji. Mfano wa kuonyesha tu:

7:12 asubuhi, -1.1
14:05 mchana, 6.4
19:00 jioni, 2.6

Hizo namba za mwisho kwa kawaida ni futi. Unaweza kugeuza ziwe mita, na nakusihi ufanye hivyo kabla ya kitu kingine. Sifuri siyo kina cha bahari. Ni wastani wa kiwango cha maji yanapopwa sana. Kwa hiyo alama ya kutoa ni habari njema: maji yameshuka kuliko kawaida ya kupwa. Katika mfano huo, kati ya asubuhi na mchana maji yanapanda futi 7.5, yaani mita 2.3. Mtu mzima anazama humo.

Halafu kuna mitego.

Mtego wa kwanza ni majira. Jedwali linaweza kukupa saa ya kule au saa ya Greenwich, kutegemea ulivyochagua. Hakikisha ni saa ya kule. Bukavu iko mbele ya Oregon kwa saa 9 wakati wao wanatumia saa ya kiangazi, na kwa saa 10 wakati wa baridi. Kwa hiyo 7:12 ya asubuhi ya Cannon Beach mwezi wa saba ni 16:12 kwetu. Katika ratiba andika saa ya kule peke yake. Ukichanganya saa mbili kwenye karatasi moja, mtu aliyeshika usukani atasoma ile isiyomhusu.

Mtego wa pili ni kituo cha kupimia. Ukiandika Astoria utapewa kituo cha Tongue Point, na hicho kiko ndani ya mto Columbia, siyo baharini. Maji huchelewa kufika huko. Kwa Ecola na Haystack Rock chagua kituo kinachotazama bahari, kilicho karibu na Cannon Beach.

Mtego wa tatu ni majira ya mwaka. Katika pwani hii maji yaliyopwa sana kuliko yote hutokea asubuhi wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi hutokea jioni na usiku. Kwa hiyo safari ya mwezi wa sita au wa saba inapanga asubuhi kwa ajili ya mawe na mchanga, mchana kwa ajili ya barabara na majumba ya makumbusho. Asubuhi ina faida nyingine: upepo wa kaskazini wa kiangazi huwa haujapata nguvu, na jua likiwa mashariki linamulika uso wa Haystack Rock. Jioni jiwe hilo linakuwa kivuli cheusi mbele ya jua. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi napenda kuona ndege na majani yaliyolishika. Ukungu wa asubuhi upo, ndiyo, na kuna siku hautaondoka mapema. Hata hivyo ningechagua asubuhi.

Mtego wa nne ni kudhani kwamba saa ya kupwa ndiyo saa ya kufika. Fika saa moja na nusu kabla, ukayafuate maji yakishuka. Yakigeuka, nawe geuka. Shemeji alikuwa ameshapanga kutoka Portland asubuhi wakiwa wamekwisha kunywa chai. Nikamwandikia: "Shemeji, mkifika mchana mtakuta bahari imelizunguka jiwe lote. Laleni hukohuko usiku wa kuamkia." Akauliza kama ni lazima. Nikamtumia picha mbili za jiwe lilelile, moja maji yakiwa yamepwa na nyingine yakiwa yamejaa. Akatafuta pa kulala katika mji wa Seaside, karibu na hapo.

Maji yakipwa vizuri, mtu anatembea kwa mguu hadi chini ya Haystack Rock na kuona vidimbwi kati ya mawe: wanyama wenye umbo la nyota, wa zambarau na wa rangi ya chungwa, na wengine laini wa kijani wanaofunga midomo ukiwapitishia kivuli. Waambie watoto wakanyage mchanga tu au jiwe tupu, kwa sababu kile kinachoonekana kama ukoko juu ya mawe ni wanyama hai. Kupanda jiwe ni marufuku; ni makao ya ndege yanayolindwa. Kuanzia masika hadi kiangazi kuna ndege weusi wenye mdomo mkubwa wa rangi ya chungwa wanaotaga juu yake, kwa hiyo darubini ndogo isikosekane.

Na usalama, ambao yaya wangu nilimrudishia mpaka akachoka kunisikia. Usiipe bahari mgongo. Pwani hii ina mawimbi ya kuvizia: maji yanakuja kwa kipimo kilekile kwa muda mrefu, kisha moja linapanda juu zaidi kuliko yote bila kukuonya. Magogo makubwa yaliyolala ufuoni yanaonekana kama viti, lakini wimbi dogo tu linaweza kuyanyanyua na kuyabingirisha juu ya mtu. Maji yenyewe ni baridi hata mwezi wa saba. Mtoto aliyezoea kuogelea Kivu asidhani atakaa humo kwa raha.

Kusini kidogo ya Cannon Beach kuna Hug Point, ambako utaona njia iliyochongwa kwenye mwamba, mchanga ukiwa chini yake. Zamani, kabla ya barabara kuu, magari ya farasi yalipita ufuoni maji yakiwa yamepwa, na pale rasi ilipowazuia wakachonga mwamba. Mwaka 1913 gavana Oswald West aliutumia ukweli huo huo: ufuo ukatangazwa kuwa barabara ya umma. Mwaka 1967, chini ya gavana Tom McCall, sheria nyingine ikalinda haki ya watu wote kuutumia hata mchanga mkavu. Sisi tuliozoea kutafuta uchochoro kati ya kuta za viwanja ili tuguse ziwa letu, habari hii ni ya kusomwa mara mbili. Waambie ndugu zako wasiogope hoteli iliyo ufuoni: mchanga ulio mbele yake ni wa watu wote. Lakini Hug Point wasipite rasi maji yakiwa yanapanda, kwa sababu watanaswa upande wa pili.

Hatua ya 5: Panga vituo kwa kufuata maji, siyo kwa kufuata filamu

Ukishakuwa na saa za maji, ratiba inajipanga yenyewe.

Siku ya kwanza, Portland hadi Astoria kwa barabara ya 30, kama kilomita 155. Mchana huo hauhitaji maji yapwe. Astoria iko kwenye mdomo wa Columbia, na daraja lake la kuvuka kwenda Washington, lililofunguliwa mwaka 1966, lina urefu wa zaidi ya kilomita 6. Waanze na jela ya zamani ya wilaya: ndiyo ile ambayo mhalifu anatoroka pale mwanzoni mwa The Goonies, na tangu mwaka 2010 ni jumba la makumbusho ya filamu za Oregon. Kisha Hammond, karibu na hifadhi ya Fort Stevens, kwenye ukuta wa mawe ambao nyangumi wa Free Willy anauruka. Fort Stevens kwenyewe kuna mifupa ya chuma ya meli Peter Iredale iliyokwama mchangani mwaka 1906. Haihusiani na filamu yoyote niliyoichagua. Niliiweka kwa sababu watoto wanaweza kuikaribia na kuigusa. Jioni washuke kusini kwa barabara ya 101, wakalale.

Siku ya pili, asubuhi na mapema, Haystack Rock, kisha Indian Beach. Njia ya kuingia Ecola ni nyembamba, inapinda ndani ya msitu, na mara nyingine hufungwa kwa sababu ya maporomoko ya udongo. Mtu wa Bukavu haelezwi maporomoko ni nini: angalieni tovuti ya hifadhi usiku uliotangulia. Maegesho ni ya kulipia.

Siku ya tatu ni ndefu, kuelekea kusini. Depoe Bay ni bandari ndogo iliyojibana kati ya miamba, na ndipo wagonjwa wa One Flew Over the Cuckoo's Nest wanapopanda mashua kwenda kuvua. Baada yake ni Newport, na daraja la Yaquina Bay la mwaka 1936. Hapo nilisisitiza wasimame kwa ajili ya Keiko, nyangumi halisi aliyeigiza katika Free Willy. Alipopiga filamu alikuwa amefungiwa katika bwawa la Mexico City. Watoto wa dunia nzima walipojua hali yake, fedha zilichangwa, akahamishiwa kwenye nyumba ya viumbe wa bahari ya Newport mwaka 1996, na mwaka 1998 akapelekwa Iceland. Watoto wa yaya waliitazama filamu tena usiku wa kuamkia siku hiyo, na nashauri nawe upange hivyo.

Wenye nguvu wanaweza kuendelea hadi mnara wa taa wa Heceta Head, uliowashwa mwaka 1894, na machuguu ya mchanga ya Florence. Wakirudi Portland kwa njia ya ndani watapita Salem, ambako hospitali ile ya wagonjwa wa akili ya Cuckoo's Nest ilipigwa katika hospitali ya kweli ya jimbo.

Mwezi wa sita jua linazama karibu na 21:00. Sisi tumezoea giza la 18:00, kwa hiyo tunapanga siku fupi kuliko ilivyo. Wakati wa baridi ni kinyume: 16:30 kumekwisha. Vibao vya barabarani ni vya maili. Zidisha kwa 1.6.

Hatua ya 6: Nyumba za watu

Nyumba ya The Goonies pale Astoria ni makazi ya mtu, na shule ya Kindergarten Cop (1990) bado ni shule. Waziangalie wakiwa barabarani, wasiegeshe mbele ya milango ya majirani.

Hatua ya 7: Tuma

Usitume ujumbe mrefu wa sauti. Tuma faili la vituo kutoka OsmAnd, kisha kwa kila kituo picha mbili, ya filamu na ya setilaiti, zikiwa na mshale unaoonyesha mahali kamera iliposimama. Zitume kama faili, siyo kama picha, kwa sababu WhatsApp ikizibana mawe hayaonekani tena. Zipe majina yanayoanza na namba: 01-Astoria, 02-Hammond, 03-Haystack. Weka ile sifuri ya mbele, la sivyo simu itakupangia kituo cha 10 kabla ya cha 2, na shemeji atakuwa ameshapita.